Mlima mmoja, namba tatu: kwa nini kompyuta ya baiskeli hukosea mwinuko

Jumamosi moja ya Machi tuliondoka watatu mbele ya Stesheni ya Kigoma. Tulipanga kuondoka alfajiri, lakini pancha na chai zikatuchelewesha hadi saa nne asubuhi. Tukapandisha Barabara ya Lumumba hadi Mwanga, tukapita Mwandiga, tukashika njia ya Manyovu. Kila mmoja alikuwa na kifaa chake cha kurekodi safari kwenye usukani. Mimi nina kompyuta ya baiskeli niliyoinunua mkononi kwa mtu. Mwalimu, rafiki yangu wa siku nyingi, anatumia simu. Dogo wetu, fundi simu wa Mwanga, ana kompyuta mpya kuliko yangu, kaivalisha na kava la mpira ili isichubuke. Tulipanda pamoja, tukanyeshewa pamoja, tukageuzia mahali pamoja, tukarudi pale pale Stesheni saa kumi jioni.

Namba zikaja tatu. Yangu ilisema tumepanda mita 742. Simu ya Mwalimu ilisema 1,015. Ya Dogo, 388. Na kana kwamba hiyo haitoshi, kifaa changu kilidai kuwa Stesheni niliyorudi iko mita 28 juu ya Stesheni niliyoondoka.

Ubishi ulioanzia kwenye soda ukahamia WhatsApp, na huko ndiko nilikosikia kila aina ya tiba. Nunua orijino. Bando lenu liliisha njiani. Setilaiti hazishiki vizuri huku mwisho wa reli. Piga apdeti. Mmoja alishauri kifaa kiwekwe kwenye mchele. Karibu zote ni tiba za ugonjwa mwingine. Ngoja nieleze taratibu, maana jambo lenyewe si gumu, ila limefungwa kwenye fundo.

Maneno kwanza

Tunaposema "mita" huwa tunachanganya vitu vitatu.

Mwinuko ni urefu wa wima kutoka usawa wa bahari hadi mahali ulipo. Uso wa Ziwa Tanganyika huandikwa kuwa mita 773. Tabora mjini ni kama 1,200. Hiyo ni sifa ya mahali, haihusiani na ulivyofika pale.

Jumla ya kupanda ni hesabu ya safari. Ukipanda kilima cha mita 50, ukashuka chote, ukapanda kingine cha 50, mwinuko umeongezeka 50 tu lakini umepanda 100. Ukirudi ulikoanzia, mwinuko unarudi ule ule. Jumla ya kupanda hairudi nyuma.

La tatu ni ukali wa mlima, ile asilimia inayoonekana pembeni mwa kioo: asilimia 8 ni kupanda mita 8 kwa kila mita 100 za mwendo. Hili nitaliacha upesi. Kifaa hukokotoa asilimia baada ya kukusanya mita za kutosha, kwa hiyo huwa nyuma yako kwa sekunde kadhaa. Ukiona 9 wakati umeshafika tambarare, kifaa bado kinakuambia habari za nyuma.

Kutenganisha mbili za mwanzo kunaokoa ugomvi mwingi. Tuseme kifaa chako kimeanza safari kikiamini Stesheni iko mita 700, yaani kimekosea kwa mita sabini na kitu. Je, jumla ya kupanda imeharibika? Haijaharibika. Kiasi cha kosa ni kile kile chini na juu, na ukitoa moja kwenye nyingine kosa linajifuta, kama mtu aliyepimwa akiwa na viatu mwezi uliopita na mwezi huu: kimo si sahihi, ila ulichokua ni sahihi. Kwa hiyo anayelalamika "kinaonyesha mwinuko wa uongo" na anayelalamika "kimeninyima mita nilizopanda" wana shida mbili tofauti. Ushauri wa kuseti mwinuko kabla ya kuondoka unamtibu wa kwanza, wa pili haumgusi.

Kifaa hakipimi mwinuko

Hapa ndipo penye kiini. Hakuna kamba inayoshuka kutoka kwenye usukani wako kwenda usawa wa bahari. Kifaa hupima kitu kingine, kisha kinakisia mwinuko. Kompyuta nyingi za baiskeli, ukiacha zile za bei ya chini kabisa, zina barometa ndani, na barometa hupima uzito wa hewa iliyo juu yako.

Fikiria duka la vitenge sokoni, rundo moja limepangwa kuanzia sakafuni hadi darini. Kitenge cha chini kabisa kimebeba vyote. Cha katikati kimebeba nusu. Hewa ndiyo ilivyo. Ukiwa Kibirizi ufukweni uko chini kwenye rundo. Ukipanda kuelekea Manyovu unaacha vitenge kadhaa chini yako, na vilivyobaki kichwani ni vichache. Barometa inahisi uzito umepungua na kusema: tumepanda. Usawa wa bahari uzito huo, yaani mgandamizo wa hewa, ni kama hektopaskali 1,013. Ufukweni kwetu ni 925 hivi. Ukiwa kwenye kimo chetu, kila hektopaskali moja inayopungua kifaa hukitafsiri kuwa mita 9 za kupanda.

Nimewahi kuulizwa: mbona taarifa ya hali ya hewa kwenye simu inasema Kigoma mgandamizo ni 1,014 na kifaa changu kinaonyesha 925, si kimekufa? Hakijafa. Watu wa hali ya hewa huugeuza mgandamizo wa kila kituo uwe kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari, ili Kigoma ilinganishwe na Dar es Salaam bila milima kuingilia. Kifaa chako kinakusomea hewa yenyewe.

Ukitaka kuhakikisha kwamba barometa haijui lolote kuhusu urefu, ivae saa yenye barometa ukipanda ndege. Ndege inaweza kuwa juu zaidi ya mita 7,000, lakini saa itasema elfu mbili na kitu, kwa sababu ndani ya ndege hewa imesukumwa iwe nzito ili abiria wapumue. Saa imepima hewa ya ndani. Iliyoko nje ya dirisha haiihusu.

Ubaya huu si mgeni hapa Kigoma. Februari 1858 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji, na kimo cha ziwa wakakipima kwa kuchemsha maji. Kanuni ni ile ile: hewa ikiwa nyepesi maji huchemka mapema, ndiyo maana maharage huchelewa kuiva milimani. Kipimajoto chao kikawapa jibu la chini ya futi 1,900, yaani mita zisizofika 600. Ziwa likawa limezamishwa kwa karibu mita 200. Maji pale ufukweni huchemka kwenye nyuzi 97 na nusu hivi, na kipimajoto kinachokosea hata nyuzi moja tu kinakupoteza mita 300. Kosa hilo lilizaa ubishi mrefu kuhusu kama maji ya Tanganyika yanaweza kwenda Nile au la, maana maji hayapandi mlima. Kwa hiyo ukibishana kuhusu mita 28 mbele ya Stesheni, uko kwenye mila ya mahali.

Mita 28 zilitoka wapi

Rudi dukani. Mimi nimekaa pale pale nilipo kwenye rundo, sijasogea. Lakini mwenye duka anaongeza vitenge viwili juu, baadaye anaondoa vitatu. Uzito kichwani umebadilika nami sijapanda wala kushuka. Barometa haiwezi kujua tofauti. Uzito ukipungua inasema umepanda, basi.

Watu wengi wakisikia hivyo husema: ah, ni ile mvua. Mvua ina mchango, nitaieleza. Ila katika nchi za joto kama yetu kuna kitu chenye adabu kuliko mvua. Kila siku, mvua isiwepo, mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili, kama bahari inavyojaa na kupwa. Jua likipasha anga, anga nzima hucheza. Kilele huja saa nne hivi asubuhi na tena saa nne usiku. Shimo huja saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Ulaya mchezo huu ni mdogo na humezwa na dhoruba zao, pengine ndiyo maana maelekezo ya vifaa aghalabu hayautaji. Huku kwetu, kutoka saa nne hadi saa kumi jioni mgandamizo unaweza kushuka hektopaskali tatu au hata nne. Zidisha tatu kwa mita 9. Unapata 27.

Mimi niliondoka saa nne asubuhi kamili na kurudi saa kumi jioni. Nilichagua, bila kujua, nyakati mbili mbaya kuliko zote. Stesheni haikupanda. Hewa ndiyo ilipungua.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji hata kupanda baiskeli. Weka kifaa mezani nyumbani, kivulini, soma mwinuko saa nne, soma tena saa kumi. Ukiona kimepanda mita 20 hadi 35 usikirudishe kwa aliyekuuzia. Kizima hicho.

Mvua ya radi hufanya kinyume, na kwa haraka. Ule upepo wa baridi unaotangulia mvua, unaoinua vumbi na kufunga milango kwa kishindo, ni hewa nzito iliyoporomoka kutoka mawinguni. Ikifika, mgandamizo unaruka juu ghafla na kifaa kinasema umeshuka mita kumi au zaidi ndani ya dakika chache, huku wewe unakanyaga pedali mlimani ukitweta. Ukiangalia mchoro wa safari baadaye utaona ngazi ndogo pale mvua ilipokukuta.

Joto nalo linaiba

Hili wachache hulisema, na kwa mwendesha baiskeli wa Kigoma lina uzito. Kifaa kinahesabu vitenge kisha kinazidisha kwa unene wa kitenge kimoja. Unene huo hakiupimi. Kimeandikiwa kiwandani: anga ya mfano, yenye nyuzi 15 usawa wa bahari, ikipoa nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Kwa anga hiyo ya kwenye karatasi, ufukwe wetu ungekuwa na nyuzi 10. Nani ameshawahi kuona nyuzi 10 Kigoma mchana?

Hewa ya joto imefura, kila kitenge ni kinene kuliko kilivyoandikwa. Ukivuka vitenge mia, umepanda zaidi ya kifaa kinavyodhani. Kwa kila nyuzi tatu zinazozidi anga ya mfano, kifaa hukupunja karibu asilimia moja. Sisi tunazidi kwa nyuzi 17 au 18 siku ya kawaida, kwa hiyo ni asilimia 6 hivi. Panda mita 600 za kweli, kitakuandikia kama 565. Vifaa vingi havirekebishi hili, na haviwezi kulirekebisha kwa kipimajoto cha ndani, kwa sababu kompyuta nyeusi iliyoanikwa juani inajipima yenyewe. Zimeshaonyesha nyuzi 40 na kitu wakati mimi nimevaa koti.

Kwa hiyo 742 yangu ilipunjwa na joto. Wakati huo huo hewa ya jioni iliniongezea mita kidogo kwa mlango wa nyuma. Ukinilazimisha kutaja ukweli ningesema tulipanda kati ya 750 na 800, na nisingeapa.

Tundu la Dogo

Barometa haiwezi kupima hewa isiyoifikia. Kila kifaa chenye barometa kina tundu dogo, au matundu machache, mara nyingi mgongoni au upande wa chini. Ukikigeuza utayaona, yanafanana na ya spika. Hapo ndipo hewa inapopita.

Dogo alivalisha kompyuta yake kava la mpira. Kava lilikuwa na nafasi ya tundu, ila lilikuwa limesogea. Mvua ilipotukuta baada ya Mwandiga, maji na tope jekundu vikaingia kati ya kava na kifaa, vikaziba. Kuanzia hapo hewa iliyonaswa ndani ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Mchoro wa safari yake ulionyesha kabisa: mlima unapanda vizuri, unafika mahali unanyooka kama meza ya chuma kwa dakika arobaini, halafu unaruka ghafla. Mlima wa kweli hauna umbo hilo. Ukiona mstari ulionyooka mahali ambapo mapaja yalikuwa yanawaka, shuku tundu kabla ya kitu kingine chochote.

Kusafisha si kazi ya kumlipa mtu. Vua kava. Mwagia maji ya uvuguvugu yasiyo na kasi, ukiweka tone la sabuni kama kuna jasho lililoganda au mafuta ya kujipaka. Kung'uta, kisha ulaze tundu likitazama chini likauke lenyewe usiku mzima. Usichokonoe kwa sindano wala kijiti cha kiberiti: ndani kuna ngozi nyembamba inayozuia maji, ukiitoboa umenunua kifaa kipya. Na tafadhali, mnaopeleka baiskeli kuoshwa zinakooshwa bodaboda, chomoeni kompyuta kwanza. Ile presha ya maji inaua barometa kuliko mvua ya masika nzima. Na mchele tuupike.

Tundu linaweza kuwa safi na bado likasumbuliwa na upepo. Ukiteremka kwa kasi hewa hupiga kwenye kifaa na kuongeza mgandamizo kidogo, namba zikatetemeka. Mimi nilihamisha changu kutoka mbele ya usukani kikakaa juu ya shina lake na utetemekaji ukapungua. Si jambo la kukunyima usingizi.

Simu ya Mwalimu na mtumbwi wa Kibirizi

Simu nyingi za bei nafuu hazina barometa. Zinategemea GPS peke yake. Hapa nianze na bando, maana naona halitaki kufa: GPS haitumii bando. Setilaiti zinatangaza, simu inasikiliza, kama redio. Bando linahitajika kuleta picha ya ramani, halihusiki kukuonyesha ulipo. Na Kigoma kuwa mwisho wa reli si neno, setilaiti hazipiti Dodoma kwanza.

Shida ya GPS ni nyingine. Ufunge mtumbwi pale Kibirizi kwa kamba nne, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Hautaenda popote, kamba zinavutana na kuukalisha katikati. Lakini wimbi likija, mtumbwi unapanda na kushuka, kwa sababu hakuna kamba iliyofungwa chini. Ndivyo setilaiti zinavyotushika. Ziko pande zote za anga, kwa hiyo kosa la kulia linasahihishwa na la kushoto. Chini yetu ni dunia, hakuna setilaiti inayoonekana kupitia ardhini. Kwa hiyo kosa la wima kwa kawaida ni kubwa mara moja na nusu hadi mara tatu kuliko la mlalo. Simu ikikuweka barabarani ndani ya mita 5, mwinuko unaweza kukosea 10 au 15, na katikati ya miti au chini ya ukingo wa mlima ikazidi. Kuwasha mifumo ya ziada, ile ya Urusi na ya Ulaya, kunasaidia, lakini hakuiweki hata setilaiti moja chini ya miguu yako.

Kuna na fundo jingine dogo. GPS hupima kutoka kwenye umbo laini la dunia lililochorwa kwa hesabu, na umbo hilo halilingani na usawa halisi wa bahari. Kusini mwa India tofauti inapita mita 100. Vifaa vizuri vina jedwali la kusahihisha. Vingine, na baadhi ya programu za simu, havina au vinalo la makisio makubwa, na ndiyo chanzo kimoja cha simu mbili zilizowekwa meza moja kutofautiana kwa kiasi kile kile kila siku. Kosa la kudumu namna hiyo halidhuru jumla ya kupanda.

Kilichomdhuru Mwalimu ni wimbi. Namba ya GPS haitulii, inapanda mita tatu, inashuka nne, hata ukiwa umesimama unakunywa maji. Sasa programu inapojumlisha kupanda, inajumlisha na mawimbi. Chukua mita nne za uongo kila dakika tano. Kwa saa sita ni mita 288. Toa namba yangu kwenye yake uone inabaki ngapi: 273.

Wavuvi wetu wanaelewa hili kuliko wahandisi. Wavu wa macho madogo unakusanya dagaa wote, na takataka. Wavu wa macho makubwa unabeba migebuka na kuacha dagaa wapite. Kila programu ina macho ya wavu wake: nyingine inahesabu kila mita moja ya kupanda, nyingine inasubiri upande mita kumi mfululizo ndipo iamini. Kwenye mlima mrefu wa moja kwa moja zote mbili zitakaribiana. Kwenye barabara ya vilima vidogo vidogo, zitaachana kwa mamia, na hakuna aliyedanganya. Hata faili moja, kutoka kifaa kimoja, ukiipandisha kwenye programu mbili inaweza kutoa majumla mawili.

Kwa hiyo jumla ya kupanda haina jibu moja la kweli ambalo vifaa vinalikosa. Inategemea umeamua kilima kidogo kiasi gani kihesabiwe. Ni kama kuulizwa pwani ya ziwa ina urefu gani: unafuata kila jiwe, au unakata ghuba?

Kitufe cha kusahihisha

Programu za kuhifadhi safari kama Strava na Garmin Connect zina mahali pa kuomba mwinuko usahihishwe. Zinachofanya ni kuitupa namba ya kifaa, kuchukua njia uliyopita, na kusoma mwinuko kwenye ramani. Ramani za namna hii kwa sehemu kubwa zilianzia Februari 2000, wakati chombo cha anga Endeavour kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima ardhi kwa rada. Dunia ikagawanywa vipande vya mita 30 au 90, kila kimoja kikapewa namba moja.

Kwa Tabora, ambako ardhi imelala, kitufe hicho ni dawa nzuri. Mtu wa Tabora shida yake ni nyingine kabisa: anazunguka siku nzima kwenye tambarare, kifaa kinamwandikia mita mia na kitu ambazo hakuzipanda, zote za hewa na mawimbi. Ramani inazifuta.

Kwa njia ya Manyovu mimi sikibonyezi. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukuta, upande mwingine korongo. Kipande kimoja cha ramani kinabeba ukuta, barabara na korongo, kisha kinatoa wastani. GPS ikikusogeza mita kumi pembeni, ramani inakuhesabia umepanda ukuta au umetumbukia bondeni, halafu umerudi. Rada nayo iliona vichwa vya miti, haikuona mizizi. Nilijaribu kwa safari ile, nikapewa mita 1,100 na ushee, na Mwalimu akafurahi sana. Ila kwa Dogo, ambaye tundu liliziba, ramani ilikuwa bora kuliko 388, na hapo ndipo kitufe kinapostahili kazi: kifaa kilipokufa, wala si pale unapotamani namba kubwa.

Tunavyofanya sasa

Kwanza, tunatoa vifaa nje dakika kumi au kumi na tano kabla ya kuondoka. Kompyuta iliyotoka chumbani penye feni na kuanikwa juani inayumba hadi izoee joto, na GPS nayo inahitaji muda kukusanya setilaiti.

Pili, tunaanzia ziwani. Watu wa miji mingine wanahangaika kutafuta mahali penye mwinuko unaojulikana. Sisi tuna pipa la maji la kilomita zaidi ya 600 ambalo uso wake umesawazishwa bure. Vitabu vinasema 773. Ziwa limejaa miaka ya karibuni hadi kumeza sehemu za ufukwe, kwa hiyo ukiandika 775 au 776 hakuna wa kukupinga, na mita mbili hazionekani kwenye kifaa hata hivyo. Kifaa changu kinaweza kuhifadhi mahali na mwinuko wake, kikajiseti chenyewe kila nikianzia hapo. Nimehifadhi Kibirizi na Stesheni.

Tatu, tukirudi nasoma namba ya mwisho pale pale nilipoanzia. Tofauti ikiwa chini ya 35 na saa zinaendana na hewa ya mchana, sina neno. Ikipita hapo bila mvua kubwa, nageuza kifaa nitazame tundu. Na siseti mwinuko katikati ya safari: nikifanya hivyo mchoro unaruka, na vifaa vingine huuhesabu mruko huo kuwa mlima.

Tulirudia njia ile wiki mbili baadaye, tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi. Dogo kavua kava. Akapata 771, mimi 758. Mwalimu alipata 994, na amekataa kununua kompyuta yenye barometa. Anasema yake ndiyo inayolingana na magoti.